Siku Nilipoonja Tumbaku Ukweni

Nawaomba mcheke sasa hivi, mcheke mpaka mbavu zichoke, kisha mninyamazie nisimulie, maana nikianza halafu mkanikatisha naondoka zangu na hamtaisikia tena habari hii. Nimeaibika mara nyingi katika maisha yangu (niliwahi kutumbukia ziwani nikiwa na suti ya kuazima, mbele ya kwaya nzima, na mwenye suti akiwa mwimbaji), lakini aibu zote hizo nikiziweka upande mmoja hazifikii ile ya kuonja tumbaku nyumbani kwa wakwe zangu pale Nchelenge. Na ninaposema wakwe zangu mnielewe vizuri, nilikuwa nao kwa siku kumi tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa kijana mpumbavu wa aina ile inayovaa soksi mpaka magotini katika joto la Ziwa Mweru. Nilikuwa karani wa mizani kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akivuka kutoka ng'ambo ya Congo kuja kununua samaki Kashikishi. Mgiriki huyo alikuwa mtu wa matusi na kukohoa, lakini alikuwa na kitu kimoja alichokitunza kuliko mashua yake: sanduku la makopo ya tumbaku ya kiko, kila kopo limezibwa kwa nta na kuandikwa mwaka lilipofungwa. Hakuvuta tumbaku mpya hata siku moja. Alisema tumbaku mpya inauma ulimi, iache ilale, iache izeeke, itakuja yenyewe kukuomba radhi. Mizani ikishafungwa alikuwa akinijazia kiko cha akiba na kuniambia, kwa Kiswahili chake cha Kasenga, mji wa ng'ambo, "Usivute kama mutu anafukuza mbu. Vuta pole-pole. Acha moshi iikale mu kinywa, kisha utaniambia unasikia nini." Nami nikavuta polepole, na kweli nilisikia: kwanza utamu wa zabibu kavu, halafu ukali kidogo kama pilipili manga, halafu harufu fulani ya mbao na ngozi iliyobaki puani mpaka kesho yake. Ilikuwa raha, sitawadanganya. Mpaka leo nikikumbuka lile kopo lake la miaka kumi na miwili mate yananijaa.

Kufurahia kitu si kosa, wala sijiulizi kwa nini nilifurahia. Ninachojiuliza ni kile kilichofuata, yaani kwamba baada ya miezi sita ya kuvuta makombo ya Mgiriki nilianza kujiona mtaalamu. Nilinunua kiko changu mwenyewe. Nikawa nazunguka kwa wavuvi waliokuwa wakivuta tumbaku yao iliyosokotwa ndani ya gazeti, nawaomba nionje, nafumba macho (hamna kitu kinachonichukiza leo kama mtu anayefumba macho akionja), halafu nawaambia, "Hii imevunwa kabla ya wakati," au, "Hii imekaushwa juani, ni nyasi ya kuezekea nyumba." Watu waliochoka usiku kucha wakivuta nyavu! Wakanipa jina la Bwana Pua, na mimi kwa ujinga wangu nikalipokea kama cheo.

Sasa, katika pua hiyo yote ndipo nilipompenda Chilufya, binti wa Ba Kapembwa, fundi wa mashua. Sina maneno mengi ya kumweleza Chilufya, nitasema tu kwamba alikuwa akinicheka usoni mwangu badala ya kunicheka mgongoni, na mimi nilihitaji mtu wa namna hiyo kuliko chakula. Baba yake alikuwa mtu mpole aliyefanya kazi Kasenga miaka mingi, na kila mtu Nchelenge alijua sifa zake mbili: mashua zake hazivuji, na tumbaku imemshinda. Kanisa letu halikutaka kusikia habari ya tumbaku. Aliyevuta hakukaribia meza ya Bwana (mimi nilijitetea kwamba naonja tu, sivuti), na Ba Kapembwa alikuwa ametengwa miaka na miaka kwa sababu hiyo, Jumapili anabaki nyumbani anaranda mbao zake. Mke wake sasa, mama yake Chilufya, tuliyemwita Bana Chilufya, yeye alikuwa kinyume kabisa. Ndiye aliyewaongoza wanawake kuimba. Akisimama mbele na kitambaa chake cheupe, huku anatafuna jani la mndimu kama ilivyokuwa desturi yake ili sauti isikauke, hata wazee waliokuwa wanasinzia walikaa sawa. Watu walimwonea huruma kwa kuolewa na mvuta kiko.

Kuna jambo moja lazima nilieleze hapa, hasa kwa ninyi mliozaliwa mjini. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Ukimwona njiani unaingia majanini, naye anageuka upande. Hamsemeshani, hamli pamoja, na kitu kilichopita kinywani mwake hakipiti kinywani mwako. Hata chakula cha nyumba ile hukigusi mpaka siku wenyewe watakapokupikia rasmi. Si chuki, ni heshima, na kwa kukukwepa hivyo mama anatangazia kijiji kizima kwamba wewe ni mkwe wake. Mshenga wangu alipopeleka sahani na shanga za posa zikapokelewa, kesho yake tu nilikutana na Bana Chilufya kwenye vichanja vya samaki, naye akajifunika kichwa kwa kanga na kuzunguka nyuma ya vichanja. Jamani, nilifurahi! Nilirudi kazini napiga mluzi, nikaandika uzito wa watu vibaya siku nzima.

Mshenga wangu alikuwa Ba Mulenga, mzee mshona nyavu, mtu wa maneno machache. Siku ya kumi aliniita akaniambia wakwe wanataka nifike alasiri, kwa sababu mzee wa kanisa atakuja kunitazama kabla ya kutangaza ndoa. Akanipa masharti. Nikae chini, nitazame chini, niulizwapo nijibu kwa kifupi, na nisitie kitu chochote mdomoni. "Na ile kiko yako uiache ku nyumba," akasema. Nikaiacha. Ningalikuwa na akili ningaliuacha na ulimi.

Tulipofika tulimkuta mzee wa kanisa ameshaketi. Aliitwa Ba Yoano, mtu wa ng'ambo, Kibemba chake kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo wote tulizungumza Kiswahili cha sokoni ili asikie. Mzee huyo alikuwa mkali wa kupinga tumbaku kupita wote, na huku mfukoni ana kichupa cha ugoro anachokinusa kila nusu saa (alisema ni dawa ya kichwa, na sisi sote tulikubali kwamba kichwa chake ni kibovu). Ba Kapembwa aliketi karibu na mlango. Mkeka mrefu ulitundikwa kugawa chumba, na nyuma ya mkeka nilijua yupo Bana Chilufya, pamoja na Chilufya na shangazi zake, wanasikiliza.

Mambo yalikwenda vizuri. Niliulizwa kama nalewa, nikasema hapana. Niliulizwa kama nina mke mwingine Kasenga, nikasema hapana. Nilikuwa natazama ncha za soksi zangu kwa adabu kubwa mpaka Ba Mulenga akaanza kulegea mabega. Halafu upepo wa ziwani ukaingia mlangoni, ukazunguka darini, ukanishukia.

Ilikuwa tumbaku. Wala si tumbaku hivi hivi, ilikuwa tumbaku ya zamani, iliyolala. Niliinua macho (kosa la kwanza) na nikaona juu ya meko, katikati ya masizi, msokoto mnene kama mkono wa mtu, mweusi, unang'aa kwa mafuta yake mwenyewe, na kando yake kiko cha udongo kimechomekwa kwenye nyasi za dari. Pua yangu ikasimama. Nilijiambia nyamaza. Nikajibu kwamba kusifu nyumba ya watu si kosa.

"Tata," nikamwambia Ba Kapembwa, "hapa kuna tumbako ya zamani sana."

Ba Mulenga akanikanyaga mguu. Ba Kapembwa akatazama juu, akatazama mkeka, akasema haraka, "Ni yangu. Achana nayo, mwana, ni kintu ya bure."

Mngedhani mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini Ba Yoano, ambaye naamini mpaka leo alichoka tu kukaa, akacheka na kusema, "Njo wee banaita Bwana Pua? Banasema unaonja tumbako unajua hata babu yake. Basi tuonyeshe. Mi sivuti, lakini kusikia haina zambi."

"Mukwe haonje kintu hapa," Ba Mulenga akasema. "Bado habajamupikia."

Na mimi, watu wangu, mimi mwenye soksi, nikamjibu mshenga wangu mbele ya wakwe, "Moshi si chakula."

Hilo ndilo neno lililoniangamiza, maneno matatu, na nililisema kwa tabasamu. Ba Kapembwa hakuwa na jinsi. Akikataa mbele ya mzee wa kanisa ataonekana anaficha kitu, basi akasimama, akakata kipande kidogo cha ule msokoto, akajaza kiko akanipa na kaa la moto. Alinipa bila kunitazama. Nami nikavuta.

Acheni niwaambie ukweli kuhusu tumbaku ile, kwa sababu haikuwa na hatia. Ilikuwa bora kuliko makopo yote ya Mgiriki. Mtu aliyeitengeneza aliinyunyizia asali, akaisokota ikiwa bado laini, akaitundika juu ya moto wa samaki akaisahau kwa makusudi. Haikuuma hata kidogo. Ilianza kwa utamu wa asali iliyoungua, ikaleta chumvichumvi ya moshi wa samaki, kisha ikatulia kooni kama uji wa vuguvugu, na nilipoitoa puani nikapata harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo mkavu. Machozi yalinilengalenga. Ningenyamaza hapo, nikarudisha kiko na kusema asante, leo ningekuwa babu wa wajukuu wa Chilufya.

Nikafumba macho.

"Myaka minane," nikasema, "ama tisa. Iko na asali. Na haikukaushwa na jua, ni moshi tu."

"Ee!" Ba Yoano akapiga paja. "Ni kweli, Kapembwa?"

"Ni kweli," Ba Kapembwa akajibu kwa sauti ndogo.

Sifa ile ikanipanda kichwani pamoja na moshi. Nikaona haitoshi. Nikapitisha ulimi kwenye mdomo wa kiko, taratibu, kama nilivyomwona Mgiriki akifanya, na nikasikia ladha nyingine juu ya ile ya tumbaku, ladha kali, ya kijani. Nikazidi kufurahi kwa sababu nimepata kitu ambacho wengine wasingekipata.

"Lakini Tata," nikasema huku nimefumba macho bado, jamani, nimefumba macho, "hii kiko haiko yako. Imevutwa leo asubui. Na mwenye anavuta anavuta pumzi fupi-fupi, kama mutu anaogopa bamuone. Ni mwanamuke. Mwanamuke mukubwa. Na akimaliza kuvuta anatafuna jani ya ndimu."

Nilidhani wanashangaa uhodari wangu. Naapa sikuwa nimefikiri ni nani. Nilikuwa na picha ya bibi kizee fulani wa jirani anayepita kuomba moto. Nilipofumbua macho nikamwona Ba Yoano ameacha kichupa cha ugoro nusu ya njia ya pua, na nyuma ya mkeka kitu cha udongo kikaanguka kikavunjika.

"Jani ya ndimu," Ba Yoano akarudia polepole.

"Ni mi njo navuta," Ba Kapembwa akasema. "Ni mi. Myaka yote batu banajua ni mi."

Hapo mtu mwenye hata nusu ya moyo angesema, naam, nimekosea, pua yangu ina mafua. Nilikuwa na nafasi. Lakini nilikuwa mtaalamu, na mtaalamu hakosei, basi nikamnyooshea Ba Kapembwa kiko na kumwambia, kwa dharau ambayo mpaka leo naisikia masikioni, "Kama ni yako, vuta basi tuone."

Akakipokea. Akavuta. Ba Kapembwa, aliyetengwa na kanisa miaka na miaka kwa ajili ya tumbaku, alivuta moshi mara moja tu na kukohoa mpaka akapiga magoti, akakohoa huku anashika kifua, macho yamemtoka, akijaribu kuvuta tena ili tuamini. Hakuwa amevuta tumbaku maishani mwake. Alikuwa ameibeba tu. Miaka yote hiyo alibaki nyumbani Jumapili na jina lake baya, ili mkewe asimame mbele na kitambaa cheupe na kuimba.

Nilielewa wakati huo, wote tulielewa wakati huo. Chilufya akatoka nyuma ya mkeka, akampita kila mtu, akapiga magoti akamshika baba yake mgongo. Hakunitazama. Nilimwita jina, akasema tu, "Wee, nyamaza. Nyamaza sasa."

Ba Mulenga akaniinua kwa kola. Nje ya mlango ndipo alipolisema lile ambalo mimi na pua yangu tulikuwa hatujalifikia. "Unajua umetia nini mu kinywa?" akaniuliza. "Mate ya mama mukwe wako. Umeyaramba. Mbele ya batu. Kisha ukabaambia iko na ladha gani." Nikatema mate mara tatu kwenye mchanga, kana kwamba kutema kunasaidia.

Siku zilizofuata nilijifariji kwa uongo mwingi. Ba Yoano, mnusa ugoro, alihakikisha Bana Chilufya anaondolewa mbele ya waimbaji, na Jumapili ile wanawake waliimba kila mmoja kwa njia yake. Lakini sahani yangu na shanga hazikurudishwa. Nikajiambia, bado hawajanikataa. Nikajiambia, watu wazima husamehe. Nilimtuma Ba Mulenga aombe radhi, akakataa kwenda, nikajiambia ni kwa sababu miguu inamuuma. Nilikivunja kiko changu kwa jiwe nikitumaini habari hiyo itamfikia Chilufya.

Alhamisi nilikuwa kwenye mizani Kashikishi, umati wa wauzaji na makapu yao, nikamwona Bana Chilufya anakuja kwa njia ya vichanja. Nikafanya kama inavyompasa mkwe: nikaacha mizani, nikageuka, nikainamisha kichwa, nikajibanza nyuma ya magunia ya chumvi nikingoja apite. Nilijua akijifunika na kuzunguka, basi kuna matumaini. Nilisikia nyayo zake. Hazikuzunguka. Zilikuja moja kwa moja mpaka kwenye magunia, zikasimama mbele yangu.

"Bwana," akaniita.

Sikuinua kichwa. Nikaona mkono wake umenyooshwa, unanisubiri niushike. Nilipochelewa yeye mwenyewe akaushika wangu, akautikisa, na kwa kuwa amenishika ikabidi nimtazame. Kichwa chake kilikuwa wazi. Alinitazama usoni, macho kwa macho, bila hasira, kama anavyomtazama mnunuzi yeyote aliyeshuka mashuani, na akasema nami, si kwa Kibemba cha nyumbani, bali kwa Kiswahili tunachowasemesha watu tusiowajua.

"Jambo, bwana. Leo samaki munanunua bei gani?"

Nilimtajia bei. Akasema asante, akapita, na watu wote waliokuwa kwenye foleni, ambao wanajua desturi kuliko mimi, wakatazama pembeni kunistahi. Niliandika uzito wa kapu lililofuata, na tangu siku hiyo mtu akinipa kitu nionje mbele ya watu, hata kama ni maji, nasema nimeshiba.